Uhuru iliyoruka kutoka Ngomeni: nani alitoa nini?

Najua nimekuwa kimya majuma kadhaa. Kulikuwa na mteja mmoja asiyejua anachotaka, lakini akijua kwamba anakitaka kufikia Ijumaa. Hayo yamepita. Leo nawaletea historia, na kama kawaida yangu ilianza na programu iliyokataa kufanya kazi.

Nilikuwa naandika kijiprogramu cha kuchora nukta kwenye ramani. Ukifika hatua hiyo unahitaji data ya kujaribia: isiwe nyingi, isiwe na siri za mtu, na namba zake ziwe zimepangwa vizuri. Nikaingia katika hifadhi ya data ya NASA, ambayo iko wazi kwa yeyote mwenye mtandao, nikatafuta orodha fupi ya nyota. Nikapata moja yenye mistari 339. Jina lake: Uhuru.

Nilidhani nimesoma vibaya. Nikafungua. Kila kitu katika orodha hiyo kina jina linaloanza na 4U: 4U 1956+35, 4U 1820-30, na kadhalika. Namba zinazofuata ni mahali pa kitu hicho angani. Ile 4 ni toleo la nne la orodha. Na U? U ni Uhuru, neno letu hili hili. Maana yake ni kwamba mwanasayansi wa Tokyo au Moscow anayeandika leo kuhusu vitu hivyo anaandika herufi ya kwanza ya neno la Kiswahili, na pengine mwenyewe hajui. Nami nilikuwa sijui, na nimesoma shule za nchi hii tangu chekechea.

Ramani ikasubiri. Jioni nzima nikawa nasoma.

Kwa ufupi ni hivi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Marekani yenye uzito wa kama kilo 140 ilirushwa kutoka kwenye jukwaa la chuma lililosimama baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Roketi ilikuwa ya Marekani. Waliorusha walikuwa Waitaliano. Bahari ilikuwa ya Kenya. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi moja tu, kuchunguza eksirei zinazotoka angani, na ilikuwa setilaiti ya kwanza ya Marekani kurushwa na timu ya nchi nyingine.

Sasa, eksirei unazijua za hospitalini. Lakini hata nyota hutoa eksirei, na baadhi ya vitu vya angani hutoa nyingi ajabu. Sisi huku chini hatuzioni kwa sababu hewa inazizuia zote (na tushukuru, zingetuumiza). Anayetaka kuziona hana budi kupanda juu ya hewa.

Mwaka 1962, tarehe 18 Juni, kikundi kilichoongozwa na Riccardo Giacconi kilirusha roketi ndogo kutoka jimbo la New Mexico. Walitarajia kuona eksirei kidogo zinazorudishwa na mwezi. Badala yake wakakuta kitu kikali sana upande wa kundi la nyota liitwalo Nge, kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekifikiria. Roketi ilikaa juu ya hewa kwa muda wa kama dakika tano na nusu, kisha ikaanguka. Hiyo ndiyo ilikuwa hali ya fani hiyo kwa miaka minane iliyofuata: unatafuta pesa, unajenga chombo kwa miezi, unakirusha, unatazama mbingu kwa dakika tano, basi. Anza tena.

Nitoke nje ya njia kidogo hapa. Giacconi alikuwa Mwitaliano, mzaliwa wa Genoa, aliyefika Marekani mwaka 1956 kwa msaada wa masomo wa Fulbright. Aliyemsukuma atazame eksirei za angani alikuwa Bruno Rossi, naye Mwitaliano, profesa aliyefukuzwa chuo kikuu cha Padova mwaka 1938 kwa sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi, akaishia Marekani. Kwa hiyo hata kile tunachokiita "sayansi ya Marekani" kilikuwa na mizizi ng'ambo. Haya, turudi.

Dawa ya tatizo la dakika tano ilikuwa wazi: weka chombo kwenye setilaiti, kiachwe kizunguke dunia. Nilipiga hesabu. Setilaiti hii ilizunguka dunia kwa dakika 96. Mzunguko mmoja tu ni sawa na safari 19 za roketi za dakika tano tano. Na ilifanya kazi zaidi ya miaka miwili! NASA ilikubali kulipia. Maabara moja ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins ilijenga mwili wa setilaiti, na kampuni ya Giacconi kule Massachusetts ikajenga vigunduzi.

Swali lililobaki lilikuwa wapi pa kurushia, na hapo ndipo Ngomeni inapoingia.

Kuna mambo mawili ya fizikia ambayo mwandishi wa programu anaweza kuyaelewa bila digrii. La kwanza: dunia inazunguka, na aliyesimama ikweta anakwenda kasi kuliko aliyesimama kaskazini. Mzingo wa dunia kwenye ikweta ni kilomita 40,075, gawanya kwa saa 24, unapata kama kilomita 1,670 kwa saa. Kwenye kituo cha NASA cha Wallops, jimbo la Virginia, latitudo 38, kasi hiyo ni kama 1,316 tu. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka ikweta inapewa kasi hiyo yote bure. Kwa roketi kubwa si jambo la kukosesha usingizi, lakini roketi ya Scout, ambayo ndiyo iliyokuwepo, ilikuwa ndogo na ya bei nafuu. Kila kilo ilihesabiwa.

La pili ndilo muhimu zaidi. Ukirusha kutoka latitudo 38, setilaiti yako itapanda na kushuka angalau kati ya nyuzi 38 kaskazini na 38 kusini, labda uchome mafuta mengi kuipinda njia. Katika kupanda na kushuka huko itapita mara kwa mara juu ya eneo la Atlantiki ya kusini na Brazili ambako chembechembe za mnururisho zilizonaswa na usumaku wa dunia hushuka chini sana. Kigunduzi cha eksirei kikipita hapo huhesabu takataka. Ni kama kujaribu kusikiliza redio ukiwa karibu na mashine ya kuchomelea vyuma. Ukirusha kutoka ikweta, setilaiti inabaki juu ya ikweta na takataka nyingi inaziepuka. Uhuru ilizunguka kwa mteremko wa nyuzi 3 tu.

Marekani, pamoja na pesa zake zote, haikuwa na kituo chake cha kurushia setilaiti kwenye ikweta.

Aliyekuwa nacho alikuwa Luigi Broglio. Huyu alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Roma na ofisa wa jeshi la anga la Italia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa na wahandisi wazuri, nia, na bajeti ambayo Wamarekani na Warusi wangeiona ya kununulia chai. Kujenga roketi yake mwenyewe kungemaliza pesa zote kabla hajapima chochote. Kwa hiyo mwaka 1962 Italia na Marekani zilisaini makubaliano ambayo napenda sana jinsi yalivyopangwa. NASA itatoa roketi za Scout na kuwafundisha Waitaliano kuzirusha. Italia itajenga setilaiti zake, itajenga kituo cha kurushia kwenye ikweta, na italeta watu. Matokeo ya kisayansi yatakuwa ya wote. Kila upande unalipa gharama za kazi yake. Hakuna hundi inayovuka bahari.

Hilo la mwisho lina akili kuliko linavyoonekana. Sisi tuliowahi kufanya biashara na rafiki tunajua matatizo huanzia wapi: huanzia kwenye kapu moja la pesa. Hapa hakukuwa na kapu. Kila mmoja alileta chakula chake mezani kikiwa kimeshapikwa. Bunge la Roma halikuhitaji kuuliza Washington ilitumiaje lira za Waitaliano, na Washington vivyo hivyo.

Waitaliano walikwenda Virginia, wakajifunza, na tarehe 15 Desemba 1964 timu yao ikarusha setilaiti yao ya kwanza, San Marco 1, kutoka Wallops. Huku kwetu walikuwa wameshaanza kuvuta vyuma. Jukwaa la udhibiti, Santa Rita, lilikuwa mtambo wa zamani wa kuchimba mafuta baharini. Jukwaa la kurushia, San Marco, lilikuwa tishari la jeshi la Marekani lililokuwa limetengenezwa litumike kama gati. Yote mawili yakasimamishwa kwa miguu ya chuma katika Ghuba ya Ungwana, yakaunganishwa kwa nyaya zilizolazwa chini ya maji. Yaani kituo cha anga cha kwanza Afrika Mashariki kilikuwa cha mitumba! Sisemi kwa dharau. Seva yangu ya kwanza nayo niliiokota Gikomba kwa vipande.

Tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya San Marco 2 iliruka kutoka hapo, ya kwanza kurushwa kutoka jukwaa la baharini kwenye ikweta. Ilipima uzito wa hewa nyembamba kule juu kwa kifaa alichokibuni Broglio mwenyewe, na Wamarekani walizihitaji namba hizo kama yeye alivyozihitaji, kwa sababu setilaiti zote huburutwa na hewa hiyo.

Sasa mnaona kwa nini Giacconi alipohitaji ikweta hapakuwa na haja ya kujenga kitu. Kituo kilikuwepo, timu ilikuwepo, na roketi ilikuwa aina ile ile waliyoizoea. Meneja wa mradi upande wa NASA alikuwa mhandisi Marjorie Townsend, mwanamke wa kwanza wa Marekani kusimamia mradi wa setilaiti. Ndiye aliyechagua jina. Siku ya kurusha iliangukia sikukuu ya uhuru, na ili kuwashukuru wenyeji kwa ukarimu wao, setilaiti ambayo kwenye makaratasi iliitwa SAS-1 ikapewa jina la Kiswahili.

Iligundua nini? Nitawapitisha haraka maana sehemu hii imeandikwa vitabu vizima. Ilionyesha kwamba kitu kiitwacho Centaurus X-3 kinapiga kama saa, kila baada ya sekunde 4.8, na kwamba kinazunguka nyota nyingine. Hercules X-1 nacho, kila sekunde 1.24. Hizi zilikuwa nyota za nyutroni zinazonyonya gesi kutoka kwa jirani zao. Gesi ikianguka inapata joto kali na kutoa eksirei. Halafu Cygnus X-1, ile 4U 1956+35 ya orodha yangu, ambayo ilikuwa inapepesa ovyo na haraka mno. Vipimo vya Uhuru viliwasaidia wengine kupata mahali pake hasa, watu wa darubini za kawaida wakapima nyota iliyo kando yake, na hesabu ikaonyesha kwamba kisichoonekana pale ni kizito kupita kiasi cha kuwa nyota ya nyutroni. Ndicho kitu cha kwanza ambacho wanasayansi wengi walikubali kukiita shimo jeusi. Pia ilikuta kwamba kati ya galaksi, katika makundi makubwa, mmejaa gesi ya moto. Kabla ya Uhuru vitu vya eksirei vilivyojulikana vilikuwa makumi machache. Baada yake vilikuwa 339. Mwaka 2002 Giacconi alipewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Majukwaa yaliendelea na kazi hadi 1988, setilaiti tisa kwa jumla. Ninayoipenda zaidi baada ya Uhuru ni Ariel 5, ya tarehe 15 Oktoba 1974. Hebu fuatilia: setilaiti ya Uingereza, roketi ya Marekani, mikono ya Waitaliano, bahari ya Kenya. Uingereza ilikuwa imefuta mpango wake wa roketi miaka michache kabla kwa sababu ya gharama, lakini wataalamu wake wa eksirei hawakukaa bure. Waliendelea kuitumia Ariel 5 hadi 1980.

Ningeweza kuishia hapa, nikasema tazama jinsi ushirikiano ulivyo mzuri, tukapeana mikono. Lakini kuna jambo limekuwa likinisumbua tangu jioni ile, na inabidi kwanza niwasimulie kisa changu kisichonipendeza.

Kabla nyaya za baharini hazijafika Mombasa mwaka 2009, mtandao Nairobi ulikuwa ghali, mnakumbuka. Sisi vijana wanne tuliokuwa tunaishi mtaa mmoja wa Eastlands tuliamua kuchanga. Mmoja alikuwa na pesa za laini. Mimi nilikuwa na kompyuta ya kugawa mtandao na ujuzi wa Linux. Wawili walileta redio na nyaya. Tulichokosa ni mahali pa juu pa kuweka antena. Mama mmoja mwenye ploti ya ghorofa nne alitukubalia paa lake. Tulimlipa kitu kidogo kila mwezi, kidogo kweli, na kila tulipopanda alituandalia chai. Mtandao ule ulinilisha. Kazi yangu ya kwanza ya kigeni niliipata kupitia pale. Ulidumu karibu miaka mitatu, na katika miaka hiyo yote hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kushusha waya mmoja hadi sebuleni kwa yule mama. Alikuwa na watoto wawili wa sekondari. Hakuomba, nasi hatukutoa. Tulipokuwa tunapanga nani apate kasi kiasi gani, tuligawa kwa wanne.

Makubaliano ya 1962 yaliposainiwa, Kenya ilikuwa bado koloni. Hakuna Mkenya aliyekuwa mezani. Baada ya uhuru serikali yetu ilikubali kituo kiwepo, ikapokea malipo yake, watu wa Ngomeni na Malindi wakapata kazi za mikono na za ulinzi. Kwa miaka mingi wabunge na magazeti yetu yamelalamika kwamba malipo ni madogo. Mimi nadhani tulilalamikia kitu kisicho chenyewe. Kodi ya paa ni kodi ya paa, hata ukiipandisha. Tulichopaswa kudai ni waya hadi sebuleni: wanafunzi wetu wa fizikia wakae kwenye chumba cha Santa Rita wakati data inashuka, majina yao yawe kwenye karatasi za utafiti, mhandisi wetu ajifunze kurusha Scout kama Waitaliano walivyojifunza Virginia. Broglio alikwenda kwa Wamarekani bila roketi. Alichokuwa nacho ni watu wenye shahada na serikali iliyokubali kuwalipa mshahara. Hilo ndilo lililomfanya mshirika badala ya mwenye paa.

Ni lazima niwe mkweli pia: mwaka 1964 tulikuwa na wanafizikia wangapi? Chuo kikuu chetu kilikuwa bado sehemu ya kile cha Afrika Mashariki. Serikali ilikuwa na shule za kujenga na hospitali za kufungua. Simlaumu waziri wa siku hizo kwa kutowaza mashimo meusi. Namlaumu kidogo wa miaka ya 1980.

Na angalia jinsi mchezo ulivyoendelea. Roketi zilikoma, lakini antena za kupokelea data zilizo nchi kavu pale kambini hazikukoma. Setilaiti ya Swift, iliyorushwa Novemba 2004 kufuatilia milipuko ya miale ya gama, ni ya Marekani, Uingereza na Italia. Waingereza walileta kamera ya darubini yake ya eksirei. Waitaliano walileta kioo cha darubini hiyo na kituo cha Malindi cha kupokea data. NuSTAR, iliyorushwa 2012, nayo ikatumia Malindi kama kituo chake, mchango wa Italia. Elewa maana yake: katika bajeti ya pamoja ya sayansi kubwa, antena iliyo Kilifi inahesabiwa kama sarafu. Inanunua viti, na waliokaa kwenye viti hivyo ni wanasayansi wa Italia. Ni halali yao, antena wameinunua wao na wanaiendesha wao. Ila ardhi ile, na ikweta ile, ingeweza kuwa sarafu ya watu wawili.

Broglio alifariki mwaka 2001 na kituo kikapewa jina lake. Mwaka 2016 serikali mbili zilisaini makubaliano mapya, na mwaka 2017 tukaanzisha Shirika la Anga la Kenya. Lakini kilichonipa moyo zaidi kilitoka kwa wanafunzi. Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya masuala ya anga na shirika la anga la Japani walikuwa na mpango wa kuzipa nchi zinazoendelea nafasi ya kurusha setilaiti ndogo kutoka chumba cha Japani katika Kituo cha Kimataifa cha Anga. Wa kwanza kuchaguliwa, mwaka 2016, walikuwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Waliijenga kwa ushirikiano na chuo kile kile cha Roma cha Broglio. Mchemraba wa sentimita kumi, jina lake 1KUNS-PF, ulitolewa angani tarehe 11 Mei 2018. Usicheke udogo wake. Japani ilitoa usafiri, Roma ikatoa uzoefu, Nairobi ikatoa wahandisi, na safari hii jina la Kenya liko kwenye safu ya waliojenga. Miaka mitano baadaye, tarehe 15 Aprili 2023, Taifa-1 iliruka kwa roketi ya Marekani kutoka California. Ilibuniwa na wahandisi wa Kenya na kukamilishwa pamoja na kampuni ya Bulgaria. Setilaiti ya Kenya ikarushiwa kutoka Amerika, kinyume kabisa cha 1970.

Mwezi uliopita nilikwenda Ngomeni. Kutoka Malindi nilipanda matatu hadi barabara kuu, kisha bodaboda. Nilitaka kuyaona majukwaa kwa macho yangu. Yako kweli, mbali kidogo baharini, vyuma juu ya miguu, kama meza mbili zilizosahauliwa na wageni baada ya harusi. Pwani nilimkuta mzee anashona wavu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuangalia San Marco? Watu wa Nairobi nyote huja kuangalia San Marco."

Nikamwuliza kama anakumbuka roketi. Akasema anakumbuka kukatazwa kwenda baharini siku hizo, na kwamba Wataliana (ndivyo alivyowaita) walikuwa wazuri wa kulipa samaki. Nikamwambia kwamba moja iliitwa Uhuru, na kwamba mpaka leo kuna nyota zina herufi yake. Akaacha kushona.

"Sasa hiyo Uhuru iliona nini huko juu?"

Nikatoa simu, nikamwonyesha ule mchoro wangu: nukta 339 juu ya kioo kilichopasuka. Nikamwonyesha Cygnus X-1. Akaivuta simu karibu, akaipeleka mbali, akasema nukta zenyewe zote zinafanana. Ni kweli, zinafanana. Programu yangu haikuwa inatofautisha zenye nguvu na hafifu, na niliporudi Nairobi ndicho kitu cha kwanza nilichorekebisha.

Ukitaka kujaribu mwenyewe, ingia katika hifadhi ya data ya NASA ya fizikia ya nyota za nguvu kubwa, tafuta Uhuru, uchague toleo la nne. Ni maandishi matupu, hakuna nywila, hakuna malipo, hata simu ya bei rahisi inayafungua. Chukua safu ya jina, safu mbili za mahali, na safu ya nguvu. Ukubwa wa nukta uufanye ufuate logi ya nguvu, la sivyo Scorpius X-1, kile kitu cha 1962, kitazifunika nyingine zote.